Mtumiaji Yuko Ndani, Anapumzika

Nchi ninayoisimulia ina sheria nzuri ya simu kuliko nchi zote. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akafika katikati ya habari hii akadhani kwamba palikosekana sheria. Sheria ilikuwepo. Ilipitishwa na Bunge kwa kishindo, wabunge wakigonga meza, na waliokuwa wamesinzia wakaamka wakagonga nao. Inaitwa Sheria ya Kumtanguliza Mtumiaji. Inaagiza kwamba kila simu, kila mtambo na kila huduma ya mawasiliano itengenezwe kwa kumzunguka mtumiaji: vidole vyake, masikio yake, mazoea yake na furaha yake.

Jina la nchi silitaji. La zamani lilifutwa kwa kuwa lilikuwa la zamani, na jipya linasubiri kikao.

Sheria ilipoanza kutekelezwa, Wizara ya Mawasiliano Mepesi iligundua kasoro: watumiaji ni wengi, tena hawafanani. Huyu haoni vizuri, yule hajui kusoma, mwingine mkono wake ulibaki kiwandani. Waziri, Mheshimiwa Zuberi Ndimbwa, aliwaeleza waandishi wa habari kwamba serikali haiwezi kumtanguliza kila mtu, kwa sababu wote wakitangulia hakuna atakayefuata. Ikaundwa ofisi ya Mtumiaji wa Taifa. Angeteuliwa mtu mmoja mwenye wastani wa kila kitu, apewe mshahara, nyumba na gari, na simu zote za nchi zitengenezwe zimfae yeye.

Watakwimu wakawapima wananchi, wakapata wastani wa urefu, wa uzito, wa elimu na wa unene wa kidole gumba. Wakatafuta mtu anayelingana nao. Akapatikana Bwana Ngwali Shekue, shemeji yake Waziri. Uzito wake ulikuwa karibu maradufu ya wastani, lakini kamati iliona kwamba kumpunguza mtu mzima si heshima, hivyo ukaongezwa wastani. Tangu hapo vitabu vya takwimu vya nchi hii vinaonyesha wananchi wanene, na Waziri wa Kilimo amekwisha kuvisoma Bungeni kama ushahidi wa mavuno mazuri.

* * *

Simu ya kwanza iliyotengenezwa kumzunguka Bwana Ngwali ilikuwa na ukubwa wa tofali, kwa kuwa mfuko wa kanzu yake ni mpana. Wanawake waliibeba kwenye vikapu. Vitufe vyake vilitoshea kidole gumba cha Bwana Ngwali na vidole viwili vya mtu mwingine yeyote kwa pamoja. Kioo chake kilivikwa ngozi ya plastiki isiyoshika mafuta, kwa sababu Mtumiaji huiangalia simu akiwa anakula.

Nimeingia katika Maabara ya Wepesi, na ninaandika nilichokiona. Bwana Ngwali alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, sinia la mbavu za mbuzi likiwa juu ya kitambi. Wataalamu waliovaa makoti meupe walimzunguka kama sheria inavyotaka. Mmoja alishika kitambaa na kazi yake ilikuwa kufuta mafuta yaliyoteremka kwenye kidevu kabla hayajafika shingoni. Mwingine alipokea mifupa iliyonyonywa, akaipanga kwa ukubwa. Karani aliketi karibu na mkono wa kulia, akibonyeza simu kwa niaba yake, maana vidole vya Mtumiaji ni mali ya serikali na havitakiwi kuchakaa.

"Mtumiaji, simu hii inakufaa?" aliuliza Mkurugenzi wa Wepesi, Daktari Mwasaga.

Bwana Ngwali alicheua. Mtaalamu aliyekaa upande wa kinywa aliandika: *ameridhika*. Akacheua tena. Mtaalamu akaandika: *ameridhika sana*.

Simu hiyo ikapitishwa.

* * *

Mambo yangeweza kuishia hapo, watu wakabeba matofali yao na maisha yakaendelea. Lakini Waziri alikwenda kwenye mkutano wa kimataifa, na huko akaonyeshwa jedwali. Nchi yetu ilikuwa ya kwanza duniani kwa simu zisizopokewa. Simu nyingi zilizopigwa zilikatika zikiwa bado zinaita.

Waziri alirudi na aibu, akaunda tume. Tume ikazunguka nchi nzima kwa magari yenye viyoyozi, ikarudi na ripoti nene. Ilisema kwamba huenda wananchi ni wavivu wa kupokea, au masikio ya taifa yana maradhi, au ni hujuma ya maadui. Sababu yenyewe haikuandikwa, ingawa kila mjumbe aliijua, kwa maana kila mjumbe alikuwa akibipu. Waziri mwenyewe alibipiwa na mkewe kila jioni. Bipu moja: chakula tayari. Bipu mbili: mama mkwe amekuja, usiharakishe. Mawasiliano hayo hayakuwahi kumkosesha chakula wala kumkutanisha na mama mkwe. Ila tume haikutumwa kuchunguza nyumbani kwa Waziri. Ilitumwa kwa wananchi.

Swali likapelekwa maabara.

"Mtumiaji, wewe huwa unabipu?"

"Nibipu kwa nini?" alisema Bwana Ngwali. "Salio si la serikali?"

Ikaandikwa kwamba Mtumiaji habipu. Kwa hiyo kubipu si matumizi, ni kasoro, na kasoro huondolewa.

"Na mlio wa simu je, Mtumiaji?"

"Unaniamsha."

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa huduma ya Pokea Daima. Chini ya huduma hiyo, ukimpigia mtu, mtambo unapokea simu papo hapo, kabla simu ya mwenyewe haijalia hata kidogo. Wewe unayepiga unasikia hotuba ya Waziri ya kukukaribisha. Huwezi kukata mpaka hotuba iishe, kwa sababu kumkatiza Waziri si adabu. Baada ya hapo unaacha ujumbe, na ujumbe huo unampata mwenyewe kesho yake baada ya kifungua kinywa, wakati ambao Bwana Ngwali hupenda kupata habari.

Jedwali lilibadilika kwa siku moja. Hapakuwa tena na simu isiyopokewa nchini, isipokuwa za viongozi, ambazo hazikuunganishwa kwenye huduma hiyo kwa sababu za kiusalama. Mke wa Waziri aliendelea kubipu.

* * *

Kata ya Bondeni iko mbali na maabara. Nyumba zake zimetawanyika kwenye kingo mbili za bonde, na zahanati iko nyuma ya kilima. Mkunga wa kata hiyo ni Bi Semeni Mbelwa, mwanamke mrefu mwenye sauti kavu. Wajawazito wote wa Bondeni walikuwa na mpango mmoja na yeye. Bipu moja: nimeamka salama. Bipu mbili: njoo. Bipu tatu: njoo na machela, kuna damu. Bi Semeni akipata bipu tatu, naye aliwabipu wabeba machela mara tatu, nao wakatoka popote walipo. Hakuna aliyehitaji kusema neno, wala kuwa na salio.

Binti yake Zamda aliishi ng'ambo ya pili ya bonde na mumewe Kasimu, mponda kokoto. Uzazi wake wa kwanza ulikuja na damu nyingi. Alibipu mara tatu, machela ikamfikisha zahanati. Mtoto hakupona, yeye akapona. Sasa alikuwa na mimba ya pili, na mganga wa zahanati alikuwa amemwambia Bi Semeni waziwazi: damu ikianza tena, msichelewe.

Siku Pokea Daima ilipoanza, simu ya Bi Semeni ilikaa kimya asubuhi nzima. Akavuka bonde kwa miguu, akamkuta Zamda anapepeta mchele, amenuna.

"Mbona hukubipu?"

"Nimekubipu, mama. Akapokea mwanamume."

"Mwanamume gani kwenye simu yangu?"

"Waziri. Ananishukuru." Zamda akaweka ungo chini. "Nikakata, hakatiki. Nikaiacha, nikaenda kukoroga uji. Nimerudi, bado ananishukuru."

"Siku hizi mke wangu anaongea na mawaziri," alisema Kasimu kutoka mlangoni. "Mimi nikimwita hata haitiki."

"Wewe hunishukuru," alisema Zamda.

Wakacheka. Bi Semeni hakucheka. Alijaribu simu mwenyewe, akasikiliza hotuba yote amesimama:

"Ndugu mwananchi mpendwa! Hongera kwa kupokelewa. Katika nyakati za giza, simu yako ingelia bure kama yatima. Leo, chini ya uongozi uliotukuka, hakuna simu inayolia. Tulia. Umesikika. Endelea kusikika..."

Iliendelea hivyo kwa muda wa kutosha kuchemsha maharage.

Keshoye Bi Semeni alipanda basi la kwenda mjini.

* * *

Pale mapokezi ya Maabara ya Wepesi, mhudumu alimwuliza, "Mama, una miadi?"

"Nina mja mzito."

Mhudumu akatafuta mahali pa kuliandika hilo, hakupaona, akamwita Daktari Mwasaga. Daktari ni mtu mpole. Alimwamkia vizuri, akampa kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmenifungia bipu."

"Hatujafunga, mama. Tumeboresha."

"Basi iboresheni mpaka irudi ilivyokuwa."

Daktari akatabasamu. "Mama yangu, hapa sisi tunamtanguliza mtumiaji. Kila tunachokifanya kinamzunguka yeye. Huduma hii ameijaribu mwenyewe, na ameridhika sana. Nina vipimo."

"Nani huyo?"

"Mtumiaji."

"Mtumiaji ni mimi. Simu naitumia mimi."

"Hapana, mama." Alilisema kwa upole wa mtu anayemwambia mgonjwa kwamba amekosea wodi. "Wewe ni mteja. Mtumiaji yuko ndani, anapumzika."

Bi Semeni alisema atamsubiri aamke. Akasubiri. Harufu ya mbavu za kukaanga ilipita chini ya mlango, kisha sauti ya kukoroma, kisha harufu tena. Alipoingizwa, alimkuta Bwana Ngwali anachokoa meno kwa kijiti, na mtaalamu ameinama mbele yake na kisahani, akipokea kilichotoka.

Bi Semeni alimweleza mpango mzima: bipu moja, mbili, tatu. Sina budi kukiri kwamba Bwana Ngwali alisikiliza. Katika miaka yote ya kuwa Mtumiaji, hakuna mtu aliyekuwa amemweleza simu ni ya nini.

"Sasa kwa nini huyo binti asipige tu akaongea?" aliuliza.

"Ana uchungu, baba. Anatokwa na damu. Ataongea nini?"

"Hivyo simu inalia tu, na wewe unakwenda?"

"Nakwenda."

Bwana Ngwali akafikiri. Kalamu zikasimama hewani. Hatimaye akasema, "Lakini inalia."

"Mtumiaji amesema inalia," alisema Daktari Mwasaga, na kalamu zikashuka.

"Mpeni mama nyama," akaongeza Bwana Ngwali, kwa huruma ya kweli. Bi Semeni akatoka na mfuko wa plastiki wenye mbavu mbili, moja ikiwa imekwisha kung'atwa. Aliuacha mfuko kwenye kiti cha mapokezi.

* * *

Alipofika nyumbani alifanya jambo la akili: aliamua kumhamishia Zamda kwake mpaka ajifungue. Angemchukua Jumamosi, baada ya semina, akiwa na wabeba machela wa kumvusha bonde.

Semina ilikuwa ya lazima. Wizara ilikuwa imegundua kwamba wananchi hawaielewi huduma iliyotengenezwa kwa kuwazunguka, na ikaona waelimishwe. Kila mwenye simu katika kata ya Bondeni alitakiwa kufika shuleni na simu yake. Machimbo ya kokoto yalifungwa. Wabeba machela walifika. Kasimu alifika. Waliosamehewa ni wajawazito wa mwezi wa mwisho, na siku hiyo katika kata nzima alikuwa mmoja tu.

"Nenda, mama," Zamda alikuwa amemwambia Bi Semeni Ijumaa jioni, waliposhikana mikono kuagana. "Nisalimie Waziri. Mwambie nimemkumbuka."

Afisa Mhamasishaji aliyetumwa na Wizara, Bwana Chediel, alikuwa na suti ya bluu na sauti ya mnada. Alitundika ukutani kioo kikubwa chenye ramani ya kata. Akaeleza kwamba kila simu inapopokewa, taa ya kijani itawaka kwenye ramani hiyo, wananchi wajionee maendeleo kwa macho yao. Kisha akafundisha jinsi ya kushukuru. Kisha akafundisha jinsi ya kusubiri.

Katikati ya somo la kusubiri, taa ikawaka.

"Hiyo!" alipiga kelele Bwana Chediel. "Tazameni wenyewe! Hapa hapa Bondeni, sasa hivi, simu imepigwa na imepokewa! Makofi!"

Watu wakapiga makofi. Katika nchi hii afisa akisema makofi, mikono hutangulia na akili hufuata ikipata nafasi. Bi Semeni naye alipiga.

Somo likaendelea. Hotuba ya Waziri inachukua muda wake, na taa ya pili ikawaka ilipokwisha.

"Nyingine! Na hii imepokewa! Nani alisema Bondeni iko nyuma? Makofi!"

Safari hii Bi Semeni hakupiga. Alikuwa anaangalia mapaja ya watu. Kwenye kila paja palikuwa na simu, kubwa kama tofali, kimya. Akasimama.

"Mwanangu, hiyo simu anapiga nani?"

"Mteja, mama. Keti."

"Wateja wote si tuko hapa?"

Bwana Chediel akaangalia ramani, akaangalia ukumbi. "Hayo ni mambo ya faragha, mama. Huduma yetu inalinda faragha."

Bi Semeni akageuka. "Kasimu! Simu ya mkeo iko wapi?"

"Anayo," alisema Kasimu. Alikuwa ameshasimama.

Taa ya tatu ikawaka.

"Makofi kwa ya tatu!" alisema Bwana Chediel, na mgambo wa mlangoni akapiga peke yake.

Mgambo huyo aliwaeleza kwamba hairuhusiwi kutoka kabla semina haijafungwa rasmi, na kwamba soda bado hazijagawiwa. Kasimu alimsogeza pembeni kama mtu anavyosogeza kiti. Wabeba machela wakapita nyuma yake, na Bi Semeni nyuma yao, akikimbia kwa namna ambayo hakuwa amekimbia tangu ujana.

Walimkuta Zamda sakafuni, karibu na mlango, simu mkononi. Mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa na alikuwa analia. Damu ilikuwa imevuka kizingiti. Simu ilikuwa inasema: *Tulia. Umesikika.* Walimbeba haraka kadiri binadamu wanavyoweza kubeba, simu ikiwa bado mkononi mwake. Alifariki kilimani, paa la zahanati likiwa linaonekana.

Mganga alisema kwamba kama wangefika mapema kidogo, wangemwahi. Hakusema kwa ukali. Aliulizwa, akajibu.

Keshoye, baada ya kifungua kinywa ambacho hakuna aliyekula, simu ya Bi Semeni ikatoa mlio mwororo. *Una ujumbe wa heshima.* Akausikiliza. Ilikuwa pumzi ya Zamda, mara tatu, na mara ya tatu neno moja, "Mama." Kisha simu ikamwuliza kuhusu huduma. Kama umeridhika, bonyeza moja. Kama umeridhika sana, bonyeza mbili. Hapakuwa na tatu.

* * *

Wizara haikulipuuza tukio hilo. Ililichunguza kwa kina na kutoa taarifa kwamba mtambo ulifanya kazi bila dosari: simu zote zilizopigwa na marehemu zilipokewa, tena papo hapo. Aidha, wataalamu waligundua jambo la kutia moyo. Wateja wengi huweka simu chini Waziri anapohutubia. Marehemu alikuwa ameishikilia sikioni mfululizo, hotuba baada ya hotuba. Hapakuwa na mteja mwingine nchini aliyefikia kiwango hicho. Ikaamuliwa atunukiwe tuzo ya Mteja Msikivu, na kwa kuwa hayupo, aipokee mama yake.

Bi Semeni aliposomewa barua hiyo na mtendaji wa kata, alikuwa anamnywesha mjukuu maziwa kwa kijiko.

"Lazima uende, Bi Semeni," alisema mtendaji akiangalia chini. "Wanakuja wao wenyewe. Tuzo wanaileta hapa."

"Nitakuwepo," alisema Bi Semeni. "Ni kwetu."

Wakati huo Bondeni ilikuwa na kitu kipya. Kila nyumba ilikuwa imetundika debe tupu chini ya upenu, na kando yake kipande cha nondo. Halikuwa wazo la mtu mmoja. Baada ya mazishi, Kasimu alitundika lake bila kusema ni la nini, na hakuna aliyeuliza. Kufikia mwisho wa mwezi yalining'inia kwenye kingo zote mbili. Pigo moja, mawili, matatu, kama bipu. Anayesikia anapiga la kwake, wa mbele naye asikie.

Siku ya tuzo mahema yalisimamishwa kwenye uwanja wa shule. Kabla ya wananchi kuketi, meza za chakula zilikuwa zimekwisha kujaa: kuku, pilau, mbavu. Nzi walihudhuria kwa wingi na kwa uhuru. Bwana Ngwali aliletwa na kochi lake, akaanza kula akiwa bado anashushwa kwenye gari. Daktari Mwasaga alisoma vipimo. Bwana Chediel aliomba makofi, akapata machache. Kisha Waziri akasimama, akamwita Bi Semeni jukwaani, akamkabidhi simu mpya iliyopakwa rangi ya dhahabu, na akamshika mkono asiondoke mpaka hotuba iishe.

"Ndugu wananchi! Wako wanaosema kwamba serikali haisikii. Mimi nauliza: nani leo anasikika kuliko mwananchi wa nchi hii? Binti huyu, marehemu, alisikika! Alisikika mara ya kwanza! Alisikika mara ya pili! Alisikika mara ya—"

Ng'ambo ya bonde debe likalia. Ngo. Ngo. Ngo.

Alikuwa Mwajabu, mke wa fundi cherehani, ambaye siku zake zilikuwa zimekaribia. La jirani likajibu, na la jirani yake, mpaka bonde lote likawa linalia mara tatu, mara tatu.

Bi Semeni aliutoa mkono wake kwenye mkono wa Waziri. Aliiweka simu ya dhahabu mezani, kati ya sinia la mbavu na bakuli la kunawia, akashuka jukwaani. Wabeba machela walikuwa wamekwisha kuondoka. Kasimu alikuwa mbele yao. Kisha uwanja mzima ukasimama, kila mtu akakimbilia kwake au kwa Mwajabu au kwenye njia ya kilimani kuondoa mawe, na kwa muda mfupi sana viti vyote vya plastiki vikawa vitupu.

"Wanakwenda wapi?" aliuliza Waziri.

"Wamehamasika, Mheshimiwa," alisema Bwana Chediel.

Waziri akamalizia hotuba. Redio ya taifa iliirusha yote, na mtangazaji alisifu utulivu wa wananchi.

Mwajabu alifika zahanati akiwa hai, na yu hai mpaka leo. Nimemwona, anauza vitumbua.

* * *

Msomaji asidhani kwamba Wizara haikuyaona madebe. Iliyaona. Daktari Mwasaga alikuwa ameandika pale pale mezani kwamba wananchi wamebuni teknolojia, na kwamba ni wajibu wa serikali kuiboresha. Debe moja lilipelekwa maabara, likagongwa mbele ya Bwana Ngwali alipokuwa anaanza kusinzia. Matokeo ya jaribio hilo yanapatikana kwa umma: Mtumiaji alidondosha mfupa, akasema, "Linalia."

Basi Debe Bora la Taifa limetoka. Linagawiwa bure kwa kila nyumba, limepakwa rangi ya bendera, lina picha ya Waziri ubavuni, na ndani limejazwa sufi safi ya daraja la kwanza, lisimsumbue mtumiaji. Madebe ya zamani yamekusanywa na mgambo na kupelekwa kuyeyushwa.

Nilikuwepo Bondeni siku ya ugawaji. Watu walijipanga foleni, wakayapokea kwa mikono miwili, wakasema ahsante. Bi Semeni alipokea la kwake wa mwisho, mjukuu akiwa mgongoni, akalibeba kichwani hadi nyumbani.

Chini ya kanuni mpya, kutoa sufi kwenye debe ni kuharibu kifaa cha mawasiliano, na adhabu yake ni kifungo. Mimi sikumwona mtu akitoa sufi, na nikiitwa mahakamani nitasema hivyo. Nilichokiona, nilipopita tena baada ya wiki, ni Bi Semeni ameketi barazani na sindano, anashona mto mdogo wa mtoto. Ulikuwa umejaa vizuri. Juu yake, chini ya upenu, debe lilikuwa linaning'inia, na upepo ulipoligusa lilitoa sauti.